Mama Alipomkaribisha Mtu wa Meza ya Jirani

Mama alibadilisha viatu palepale mapokezi ya hoteli. Alivua mabuti ya theluji, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akavaa viatu vyake vya harusini, vile vya kisigino kifupi. Mimi niligeukia ukutani nikajifanya nasoma tangazo. Ninapoandika sasa naona alikuwa na akili, maana kule ndani sikuona mtu hata mmoja mwenye mabuti, lakini jioni ile nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Tulikuwa tumekuja kusherehekea. Mama alikuwa muuguzi Tanga kabla mimi sijazaliwa, ila Kanada hawakuutambua uuguzi wake mpaka afanye mitihani yao. Kwa hiyo miaka yetu yote ya Parkdale, mtaa wetu wa Toronto, alikuwa anaogesha na kulisha wazee kwenye kituo cha kuwatunza, akirudi anasomea kwenye meza ya jikoni, vitabu vimezungukwa na vyombo. Majira yale ya baridi leseni ikatoka. Wenzake wa kazini wakamzawadia chakula cha watu wawili kwenye hoteli kubwa ya mjini. Mgahawa wake ulikuwa wa mapishi ya Katalunya, huko Hispania upande wa baharini, lakini ya kisasa, yaani sahani kubwa na chakula kimekaa katikati kama kimepotea njia.

Mama alinipa sharti moja tu. "Leo mimi ni mgeni. Wewe ndiye utakayeongea."

Anajua siongei. Shuleni walimu huandika kwamba nina adabu, kumbe ni woga. Dukani Mama ndiye anayeuliza, na wauzaji humwambia "samahani, unasemaje?" mara mbili, mara tatu, na mimi ambaye Kiingereza changu hakina shida nasimama nyuma yake natazama vidole vyangu. Hajawahi kunilaumu. Lakini najua linamuuma, na nilitaka siku yake hiyo moja asiulizwe na mtu anasemaje.

Kwenye tramu nilikariri sentensi yangu kimoyomoyo njia nzima: samahani, humu ndani kuna nyama ya nguruwe? Nilikuwa nayo safi kabisa. Kisha mhudumu akaja, kijana mrefu mwenye aproni nyeusi, akasimama na kalamu yake, na sentensi ikakimbia. Nikanyooshea kidole menyu. Mama alinisubiri. Nilimwona ananisubiri. Mwishowe akauliza mwenyewe.

"Samahani?" mhudumu akasema.

Akarudia. Mhudumu akaelewa, akasema vya kwanza havina, akaondoka. Nikanywa maji yote ya kwenye glasi.

"Haya," Mama akasema, "jioni bado ndefu."

Kwanza ukaja mkate wa kuchoma, na nyanya nzima, na punje za kitunguu saumu. Mhudumu akatuonyesha: sugua saumu juu ya mkate, sugua nyanya, mwagia mafuta ya zeituni, kula kwa mkono. Mama aliposikia kwa mkono akainuka. "Twende tukanawe." Nikamwambia watu watatuangalia. "Watuangalie tukiwa wasafi," akasema, akanipitisha katikati ya meza zote, kwenda na kurudi.

Kisha zikaja tambi. Tambi fupi, nyeusi kwa wino wa ngisi, zikiwa kwenye kikaango chao bapa, na vipande vya ngisi juu yake. Sisi tambi ni za Idi, na nazi, na sukari. Mama akaonja, akafumba macho.

"Wamezikaanga kwanza, kama zetu. Sukari tu ndiyo wamesahau."

Kwenye meza ya jirani, karibu kabisa, alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kizungu peke yake, na skafu ya hariri. Chakula chake kilikuwa hakijafika, macho yake yalikuwa kwenye kikaango chetu. Mama akafanya anachomfanyia kila mtu. "Karibu," akamwambia kwa Kiingereza, "tunakula."

Kwetu ndivyo ilivyo: anayekula humkaribisha anayemwona, na aliyekaribishwa hushukuru, husema ameshiba, yanaisha. Mama huwakaribisha hata mafundi wa bomba. Wote hutabasamu, hakuna anayekaa. Bibi yule hakusema ameshiba.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli."

Akachukua glasi yake ya divai, akahamia kwetu.

"Mama," nikanong'ona kwa Kiswahili, "amechukulia kweli."

"Kwani mimi nilisema uongo?"

Akausukuma mfuko wa mabuti chini ya kiti kwa mguu, akaitazama ile divai, akasogeza sahani yake kando kidogo, basi. Vipande vya ngisi vilivyonona akampakulia mgeni kwenye kisahani cha mkate. Bibi akala bila aibu. "Kila nikija hapa naagiza samaki," akasema, "kisha natamani cha jirani." Mama akacheka kile kicheko chake cha nyumbani, ambacho sikuwahi kukisikia mbele ya watu Toronto.

Mhudumu akaja mbio. Akamwinamia bibi, akamwambia kwa upole kwamba wageni hawa wana sherehe yao, je, amrudishe mezani kwake? Akatutazama kama anatuomba radhi. Bibi akaiva uso, akashika ukingo wa meza kuinuka.

Mama angeweza kusema. Aliweka uma chini, akanitazama mimi.

"Ni mgeni wetu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mama amemkaribisha. Naomba umletee sahani, na samaki wake umlete hapahapa." Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka: "Na hicho kinachofuata, kina nyama ya nguruwe?"

Akasema ndiyo, kina soseji ya nguruwe, ila wanaweza kuweka uyoga.

"Basi tuwekee uyoga. Mama yangu ni muuguzi," nikaongeza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Amepata leseni yake."

Mhudumu akampongeza Mama, akamwinamia yeye sasa. Bibi akainua glasi. Mama akaugeuzageuza uma wake kama ameona kitu kimenasa kwenye ncha zake.

Tulipotoka, alisimama tena palepale mapokezi kuvaa mabuti, kwa mguu mmoja, akiyumba. Watu walikuwa wanapita na makoti yao marefu. Nikamshika mkono, nikapiga goti nikamvutia buti mpaka likakaa.

"Umeongea sana leo," akasema juu ya kichwa changu. "Umenichosha."