Shemasi Haoi Mara Mbili

Maharage yaliungua tena siku ile dada yake alipokuja. Shemasi Kristofa Shemzigwa alikuwa ameyabandika asubuhi, akaitwa kwenda kuzika ng'ambo ya bonde, na aliporudi saa saba mchana alikuta jiko limejaa moshi. Dada Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ncha ya mtandio puani, anakwangua sufuria kwa gunzi la mahindi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umezika?"

"Nimezika."

"Na wewe tutakuzika lini? Maana humu unamoishi ni kaburini tayari."

Kristofa alivua viatu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akaegemea ukuta. Alikuwa na miaka sitini na saba, na siku hizo hakukumbuka ni lini aliamka asubuhi akiwa amepumzika.

Mwanahamisi alimzidi miaka sita. Alibatizwa Anastazia, lakini alipoolewa na Hassani, mkulima wa kabichi wa upande wa Lushoto, alisilimu na kubadili jina. Ukoo haukuona ajabu, kwani tangu babu yao nusu walikuwa wa msikitini na nusu wa kanisani, na kwenye misiba wote walikaa jamvi moja. Sasa Hassani alikuwa amefariki, watoto wako Tanga mjini, na mama huyu alibaki na nyumba kubwa, kuku wachache na muda mwingi wa kumfikiria mdogo wake.

Kristofa alikuwa katekista miaka kumi na miwili kabla ya kupewa ushemasi wa kudumu, yaani ule wa mtu mwenye mke, watoto na jembe. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka ishirini na minne. Alibatiza, alifungisha ndoa, alihubiri, alizika. Vigango vyake, yale makanisa madogo ya vijijini, vilikuwa saba, sita huku juu kwenye baridi ya Rangwi, na cha saba kule chini Mnazi, ambako mtu wa milimani hufika shati limeloa jasho na kichwa kinagonga. Mapadre sita walikuja na kuondoka. Kila mmoja alifika na mipango mipya, akahamishwa kabla mipango haijakomaa. Shemasi hahami. Ana shamba.

Kuna mambo asiyoweza kuyafanya, na hayo ndiyo yaliyomchosha kuliko safari. Hasomi misa, haungamishi, hapaki mafuta ya wagonjwa. Mara ngapi ameketi kando ya kitanda, mgonjwa akamshika mkono na kumwambia, "Baba, nataka kuungama." Naye hujibu, "Mimi ni shemasi, mama, si padre." "Basi kaa hapa mpaka padre aje." Hukaa. Mara nyingine padre hufika na kumkuta ameshaanza sala za marehemu.

Kulikuwa na sharti jingine. Kabla ya kuwekewa mikono, mkewe Sesilia alitakiwa kuandika kwa mkono wake kwamba ameridhia. Padre aliyewafundisha akawaeleza kwamba shemasi akifiwa na mke haoi tena. Sesilia aliangua kicheko. "Padre, huyu kifua chake kibovu tangu ujana. Mimi ndiye nitakayebaki." Wakacheka wote watatu. Miaka mitatu iliyopita, presha ilimwangusha Sesilia shambani, katikati ya matuta ya viazi, na kabla ya jioni hakuwapo tena. Kristofa alimzika mwenyewe, kwa kuwa padre alikuwa safarini. Tangu siku hiyo alikula alichoweza kupika, na hakujua kupika.

"Nimekutafutia mtu," alisema Mwanahamisi, akiweka sufuria chini. "Selina."

"Selina yupi?"

"Usijifanye mgeni, lumbu." Ndivyo dada humwita kaka kwa Kishambaa, na Mwanahamisi alilitumia neno hilo anapotaka kushinda. "Selina wa pale gulioni Rangwi. Mtu mwenye shamba la viazi akienda sokoni kununua viazi, ana jambo."

Masikio ya Kristofa yalipata moto. Ilikuwa kweli. Kila siku ya gulio alisimama kwenye meza ya Selina, mjane wa miaka hamsini na miwili, akanunua viazi ambavyo hakuvihitaji, wakazungumza habari za mvua, na akarudi nyumbani amechangamka kidogo.

"Dada, mimi nimefungwa. Unajua."

"Nimeshakwenda kumwambia. Nimesema wewe ndiye uliyenituma."

"Umesema nini?"

"Naye yuko tayari. Kwa hiyo kinachobaki ni wewe na huyo askofu wako."

Hakumgombeza. Hata nguvu za kugombeza hakuwa nazo. Alikula yale maharage yenye harufu ya moshi, akaenda kulala mchana kweupe.

Siku ya gulio alipanda Rangwi. Selina alikuwa amevaa kitenge kipya. Mapea yake aliyapanga mafungu mafungu, na pembeni ya meza, kwa mara ya kwanza, aliweka kigoda cha pili. Kristofa alikiona kigoda kile na maneno aliyoyapanga njiani yakampotea.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Shemasi. Karibu ukae."

Hakukaa. "Selina, dada yangu alikuja kwako. Mimi sikumtuma."

Selina aliendelea kupanga mapea. Lilipoanguka moja, hakuliokota. "Hukumtuma."

"Shemasi akifiwa haoi. Niliapa. Ningetaka kuoa ingebidi niache huduma yote."

"Hilo nalijua tangu zamani, nipo kanisani kila Jumapili. Dada yako aliposema umekubali kuacha, nililia. Nilidhani kuna mtu ameniona." Akainua macho. "Nikuulize jambo moja tu. Wewe mwenyewe, ukiacha askofu na kiapo, unataka au hutaki?"

Angeweza kudanganya, na uongo ule ungekuwa na huruma. "Nataka," alisema.

Selina alitikisa kichwa polepole. "Basi viazi uchimbe vyako, Shemasi. Usije tena hapa kwangu."

Wiki ile alikwenda kwa Padre Edward, paroko wa sasa, kijana wa umri wa mwanawe, akamweleza yote. Padre alisikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba barua yaweza kuandikwa kuomba avuliwe daraja la ushemasi, jibu lingechukua muda, labda miaka, na asingemlaumu.

"Na Mnazi atakwenda nani?" Kristofa aliuliza.

Padre alitazama dirishani. Hapakuwa na mtu wa kwenda, na wote wawili walijua.

Barua haikuandikwa. Watu waliopata fununu walisema shemasi ni mtakatifu, ameushinda mwili. Haikuwa hivyo. Kristofa hakukataa kwa utakatifu. Alichoka kubaki na alichoka zaidi kuondoka, na kati ya uchovu wa aina mbili alichagua ule aliouzoea. Jumapili, padre na shemasi waliposimama kukomunisha waumini, Selina alipanga mstari wa padre, hata kama ulikuwa mrefu mara mbili.

Mvua za masika zilimkuta kwenye mteremko, akirudi Mnazi kwa miguu kwa sababu bodaboda zilikuwa zimeshindwa na tope. Aliteleza, goti likapinda. Wachuma maharage walimbeba hadi kwake, naye akalala pale siku tatu, majirani wakimletea uji. Siku ya nne mlango ulisukumwa. Mwanahamisi aliingia na kuku wawili, birika la kutawadhia na mkeka wa kuswalia kwapani.

"Nimefunga nyumba yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuharibia. Sina pa kwenda kuomba msamaha isipokuwa hapa jikoni."

"Dada, watasema nini? Nyumba ya shemasi."

"Waseme. Chumba cha nyuma kinaelekea kibla?"

Kilielekea. Wakaanza kuishi hivyo, wazee wawili. Asubuhi simu ya Mwanahamisi iliadhini katikati ya Zaburi, na Kristofa alinyamaza, kidole kwenye mstari, hadi imalize. Bado waligombana, kuhusu chumvi, kuhusu kuku kulala ndani, kuhusu lile goti ambalo Mwanahamisi alilikanda kwa nguvu mno. Uchovu haukumwondoka. Lakini aliporudi kutoka vigangoni alikuta bada ya moto, ule ugali wa muhogo, na mtu wa kumuuliza amezika nani.

Mwezi wa sita Padre Edward aliitwa mjini wiki mbili, na Jumapili ile Kristofa aliongoza ibada peke yake. Ulipofika wakati wa kukomunika palikuwa na mstari mmoja tu. Alimwona Selina nyuma, akimwacha huyu apite, na huyu, mpaka hakubaki mwingine wa kumwacha apite.

"Mwili wa Kristo," alisema Kristofa.

Selina alimtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko desturi. "Amina." Akafumbua viganja.

Baada ya ibada alipita karibu na mlango wa sakristia. "Goti vipi, Shemasi?"

"Linauma."

"Litauma tu. Ndiyo umri." Akaendelea na safari yake, kikapu mkononi, wala hakugeuka.

Ndani ya kanisa familia mbili zilikuwa zinasubiri, watoto wachanga wanalia kwa kupokezana. Kristofa alifika kwenye kisima cha ubatizo, akashika ukingo wake, akaona kwamba miguu imekataa. Akaomba kiti. Mmoja wa akina baba wale vijana alikimbia kukileta. Kristofa aliketi, akavuta pumzi, akanyoosha mikono kumpokea mtoto wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne alibatiza akiwa amekaa.