Mlango wa Pikapu na Harusi ya Anti Mwende

Sisi tuliokulia mtaa wa Kianda, Nairobi, kule juu karibu na Olympic, hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Tulikuwa na pikapu. Ilikaa mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, juu ya mawe, rangi yake ya kijani ikibanduka vipande vipande. Ndani yake tulicheza kalongo, ule mchezo wa baba na mama, tukapika ugali wa udongo, tukasafiri mpaka Machakos na Bungoma bila kusogea hata hatua. Kuku wa jirani yetu Mama Nekesa alikuwa anataga chini ya kiti cha dereva, kwa hivyo aliyetaka kushika usukani ilibidi kwanza aelewane na kuku.

Baba alikuwa seremala, na pikapu hiyo alipewa na mzee mmoja aliyemtengenezea viti. Majirani walicheka walipoiona ikisukumwa kuletwa nyumbani. Mama hakucheka. "Mimi niliomba kabati," alisema, "yeye ameniletea kaburi la chuma."

Lakini Baba alikuwa na sababu yake. Dada yake mdogo, Anti Mwende, alikuwa msusi kule Gatina, Kawangware. Baba yao alifariki Mwende akiwa hajaanza shule, na kaka yake ndiye aliyemlea, tangu Machakos hadi Nairobi. Sasa alikuwa amepata mchumba, na Baba alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba dada yake hatapelekwa kanisani na gari la kuomba. Atapelekwa na gari la kwao.

Basi kila jioni Baba alizama katika kuitengeneza pikapu pamoja na Baba Nekesa, jirani yetu Mluhya aliyekuwa fundi wa magari. Injini ilikubali mapema. Siku ilipowaka ilikohoa, ikatapika moshi mweusi ukachafua nguo zote zilizoanikwa, akina mama wakafoka, sisi tukacheza densi mle mle ndani ya moshi. Kilichokataa kabisa ni mlango wa abiria. Bawaba zake zilikuwa zimeoza na kuukwamisha, na ili zibadilishwe ilibidi skrubu zake zitolewe kwanza. Skrubu zenyewe zilikuwa zimeshikana na chuma kwa kutu hata hujui kipi ni kipi. Na dereva ni Baba. Bibi harusi angeingilia wapi? Dirishani, na gauni lake refu?

Kazi ya kuzilainisha tulipewa watoto, na tuliipenda kuliko michezo yetu ya bladaa na banta. Asubuhi kabla ya shule mimi na Nekesa, binti ya fundi, tulichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa tukayadondosha juu ya kila skrubu, kisha tukagonga polepole kwa nyundo ili mafuta yapenye. Tulifika darasani tukinuka kama stovu. Mwalimu alimwita Mama kumuuliza kama nyumba yetu imeungua.

"Kutu haitukanwi," Baba Nekesa alitufundisha, "inabembelezwa. Ikaze kidogo kwanza, halafu uilegeze. Ikaze tena, ilegeze tena." Na kweli, moja moja zilianza kutoka. Kila iliyotoka ilipigiwa makofi na ploti nzima. Mama mmoja wa vyumba vya nyuma, ambaye hata hakuwa na habari na magari, akawa hatoki kwenda sokoni bila kuuliza, "Leo imetoka ngapi?"

Siku moja kabla ya harusi, akina mama wakipika chapati za sherehe hapo hapo kando ya pikapu, ilikuwa imebaki moja tu, ile ya chini kabisa. Baba hakuwa na subira ya chuma. Yeye alizoea mbao. Akaisukuma bisibisi kwa hasira, ikateleza, ikalamba kichwa cha skrubu kikabaki laini kabisa, hakuna pa kushikia. Akakaa chini juu ya jiwe, mikono imechubuka.

"Tuchukue gari la wakwe," Baba Nekesa akamwambia taratibu. "Si aibu, ndugu yangu."

Baba akaiweka bisibisi chini. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha kazi katikati, na niliogopa.

Wakati huo huo Anti Mwende akaingia na mkoba wake, nywele ziko kwenye rola, kucha zimepakwa rangi mpya. Alikuja kulala kwetu ili atokee kwetu.

"Kaka, kuna nini?"

"Mwende, nimeshindwa."

Akauangalia mlango. Akamwangalia kaka yake. Akaweka mkoba chini na kujifunga leso kiunoni. "Baba Nekesa, nipe msumeno wa chuma. Na nyinyi wenye chapati, makaa yenu yako moto?"

"Utaharibu kucha!" Mama akapiga kelele.

"Pasta hataki kuona kucha, anataka kuona bibi harusi."

Akapiga magoti na kukata mfereji mpya wa kuingiza bisibisi juu ya kile kichwa cha skrubu, rangi ya kucha ikiruka. Baba Nekesa akatia chuma kwenye makaa ya chapati hadi kikawa chekundu, akakikandamiza juu ya skrubu, kisha akadondosha nta ya mshumaa, ikayeyuka na kuzama ndani. Baba akaegemea bisibisi kwa uzito wake wote, na Mama, yule wa kaburi la chuma, akaibana bisibisi hiyo kwa spana na kuizungusha. Kaza. Legeza. Kaza. Legeza.

Kriiii!

"Imesonga!" Nekesa akaruka.

Ilipotoka, watu wazima na watoto tulipiga makofi wote. Kosa lilikuwa hapo: hakuna aliyebaki ameushika mlango. Ukaanguka wima ndani ya karai la unga wa chapati. Mama akafungua mdomo afoke, kikatoka kicheko, akacheka mpaka akakaa chini kando ya Baba. Chapati zenyewe zililiwa kesho yake, na mjomba mmoja akasifu kwamba zina madini ya chuma.

Asubuhi bawaba mpya zilikuwa zimefungwa. Baba, ndani ya suti, alizunguka pikapu na kumfungulia dada yake mlango. Anti Mwende hakuingia. Aliufunga. "Fungua tena," akasema. Baba akafungua tena, huku machozi yanamtoka, na sisi tukapanda nyuma tukiimba hadi kanisani Gatina, tukiacha moshi njia nzima.

Siku hizi nami naishi Gatina, kwenye ghorofa. Fundi wa hapa chini ana mashine. Inalia trrr, skrubu imetoka kabla hajamaliza kutafuna ubuyu. Mwanangu skrubu ya baiskeli yake ilipogoma, alitazama video za kuitoa mpaka simu ikazima chaji, kisha akaniambia, "Mathe, si tununue tu ingine?" Na pengine yuko sawa, vidole vyake havina kovu hata moja.

Jumamosi iliyopita binti wa mlango wa pili aliolewa. Sikuwa na habari. Nilijua nilipoona maputo kwenye magari yanayong'aa yaliyopangwa barabarani. Nilitoka kwenye balkoni na upawa mkononi, nikapiga kigelegele peke yangu, kwa nguvu zote. Bibi harusi akainua uso akitafuta ni nani, akaniona, akacheka na kunipungia mkono. Nadhani anaitwa Faith.