Kompyuta Iliyoingia Sauna

Orvokki Lampela aliwapikia watoto wa shule za Kuopio, Finland, supu ya njegere mpaka alipostaafu, na ukimuuliza kazi ile ilimfunza nini, atakujibu: "Chakula kipikwe jikoni. Mezani kipakuliwe tu." Hakujua kwamba siku moja maneno hayo yangemfaa kwenye intaneti.

Maana Orvokki alikuwa na blogu. Blogu ya nini? Ya tundu. Tundu lenyewe limekatwa kwenye barafu ya ziwa Kallavesi, lina ngazi na taa, na wanachama wa klabu ya kuogelea barafuni huzama humo kila asubuhi na kutoka wekundu kama kamba waliochemshwa. Orvokki aliandika maji yana baridi gani, ngazi inateleza kiasi gani, nani kapiga yowe na nani kajifanya hakupiga. Watu walimsoma hata kabla kahawa haijachemka.

Basi kampuni iliyokuwa ikimhifadhia blogu hiyo bure ikaanza kubandika matangazo ya dawa ya fangasi wa miguu katikati ya habari zake. Mwenyekiti wa klabu, Ensio Räsänen, mtu anayependa vikao kuliko maji, akaiona nafasi.

"Tuhamie kwenye ule mtandao mkubwa," alisema. "Nafungua kikundi, na kuandika nitaandika mwenyewe."

Wote walikuwa wameshaonja maandishi ya Ensio. Tangazo lake la mwisho, lililohusu ndoo ya majivu, lilikuwa na vifungu, na vifungu vyenyewe vilikuwa na watoto.

"Naihamishia kwangu," Orvokki akasema. "Nyumbani. Kwenye seva yangu."

"Kwani una seva?"

"Bado. Na wewe zamani hukuwa na kipara."

Wakakubaliana. Jumamosi, baada ya kuogelea, mwenyekiti angefungua blogu kwenye simu yake mbele ya wote. Akimaliza kahawa yake blogu ikiwa inasomeka, kalamu ibaki kwa Orvokki. Ikigoma, kalamu iende kwa Ensio. Orvokki alirudi nyumbani na swali moja. Mtu akishanyang'anywa sufuria na umri, akinyang'anywa na kalamu anabaki na nini?

Alinunua kompyuta kuukuu ya ofisini kwenye duka la vitu vilivyotumika, iwe seva ya kuwagawia wasomaji kurasa, akaisafisha, akaiwekea mfumo wa bure ambao hauna madoido wala hauombi nywila kila dakika. Blogu nyingi, aligundua, ni kama mkahawa: kila mgeni akiingia, mpishi anaanza upya kukaanga. Yake haingekuwa hivyo. Angeandika habari kwenye faili la kawaida, amri moja ingezipika zote ziwe kurasa kamili hapo hapo kwenye kompyuta yake ya mapajani, na amri ya pili ingezipeleka kwenye seva. Seva isipike chochote. Isimame tu mlangoni na sahani.

Siku ya kwanza alipofungua anwani yake, alikuta ukurasa mweupe unaompongeza kwa kuwa na seva. Wa kwake haukuwapo. Siku ya pili akaambiwa haruhusiwi kuingia.

"Umefukuzwa nyumbani kwako," mumewe Aarre akasema kutoka kwenye kochi, bila kugeuka.

"Nilipeleka kurasa nikasahau kumpa seva ruhusa ya kuzisoma. Ni kama kumpa mhudumu chakula kwenye kabati lenye kufuli."

"Na hiyo kelele nayo inataka ruhusa? Nashindwa kuwasikia watangazaji."

Hapo Aarre alikuwa na haki. Feni ya ile kompyuta ilivuma kama mtu anayepiga pasi kwa hasira, na kwenye televisheni msimu wa mashindano ya kuruka kwa skii, vile vibao vya kutelezea theluji, ulikuwa umepamba moto. Wakaijaribu kabatini, ikavuma. Wakaijaribu ukumbini, jirani akagonga ukuta. Mwishowe Orvokki akaona mahali penye mlango mnene, pakavu, pasipoingia mtu wiki nzima: sauna yao, chumba kidogo cha kuoga mvuke chenye jiko la umeme, kilichopakana na bafu. Akaiweka benchi la juu, akapitisha waya chini ya mlango, akaufunga. Kimya kama msituni. Akatoa ile ruhusa iliyosahaulika, akafungua anwani, na blogu ikatokea, nyeupe, nyepesi, bila tangazo la fangasi hata moja. Orvokki alicheza peke yake jikoni akiwa na mwiko mkononi.

Jumamosi wakaogelea, kisha wakajaa kwenye kibanda cha klabu, nywele zikidondosha maji. Ensio akamiminiwa kahawa, akatoa simu na kuifuta kwa leso. Blogu ikafunguka mara moja. Alisoma midomo ikimchezacheza, akatafuta kosa, hakuliona. Akagusa ukurasa wa pili.

"Inazunguka," akasema, kwa huzuni ya mtu anayejizuia kucheka. "Bado inazunguka. Sasa inasema haipatikani."

Orvokki akageuza uso dirishani. Nje, bomba la sauna ya klabu lilikuwa likitoa moshi, na moshi ule ukamkumbusha jambo ambalo kila mtu wa Kuopio analijua tangu tumboni mwa mama yake: Jumamosi ni siku ya sauna. Akatoka na simu.

"Aarre, umewasha sauna?"

"Si Jumamosi leo?" Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama amevaa suruali.

"Ulichungulia ndani?"

"Nichungulie nini? Swichi iko nje, na sauna naijua."

"Kompyuta imo humo. Benchi la juu."

"Benchi la juu ni langu."

"Mzee wangu, itoe kabla haijawa mkaa."

Zikasikika nyayo, mlango, pumzi, na neno moja ambalo Aarre hulitumia kwa magari tu. "Imejizima yenyewe," akasema. "Iko moto kama mkate."

"Ipeleke roshani ipoe, kisha uiwashe huko huko."

"Waya wa intaneti haufiki roshani."

"Chomoa ule mrefu wa televisheni."

"Orvokki. Wanaruka sasa hivi."

"Najua."

Mle kibandani, Hellevi, mtunza funguo wa klabu, alikuwa amesikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi. Kikombe cha Ensio kilikuwa kimebakiza funda moja. Hellevi akakijaza.

"Nilikuwa namaliza," Ensio akasema.

"Mwenyekiti wetu anywe nusu nusu kama mgeni? Haiwezekani."

Na kahawa ikishamiminwa, utaiacha vipi mbele ya watu? Ensio akanywa. Mwingine akamsogezea andazi la iliki, na andazi halishuki kavu, kwa hiyo akajaziwa tena. Wa tatu akasema birika lina kidogo, bora kiishe kuliko kumwagwa. Ensio alianza kukaa upande upande.

"Hii ni hila," akasema.

"Hii ni kahawa," Hellevi akamjibu. "Kunywa."

Simu ya Orvokki ikalia. "Nimeiwasha," Aarre akasema, meno yakigongana. "Inavuma huku nje, na jirani kafunga dirisha. Ninayemshangilia karuka, sikumwona."

"Mwenyekiti," Orvokki akaita, "jaribu tena."

Ensio akagusa. Ukurasa wa pili ukafunguka, wa tatu nao. Hakuna kilichopotea, maana kurasa zilikuwa zimeshapikwa, zilingoja mpakuaji tu. Akatazama kikombe chake, ambacho bado kilikuwa na kahawa, akamkabidhi Hellevi simu na kuelekea chooni kwa hatua za mtu mwenye haraka na heshima kwa pamoja.

Kesho yake wasomaji wa Orvokki walikuta habari fupi: "Maji baridi sana, ngazi inateleza. Mwenyekiti hakupiga yowe majini, alipiga baadaye, kwenye kahawa. Seva sasa inakaa roshani, imefungiwa sandukuni isilowe. Benchi la juu limerudishwa kwa mwenyewe, Aarre."

Aarre aliisoma kwenye televisheni, kwa waya mpya, akaomba jina lake liandikwe kwa herufi kubwa zaidi.