Nguo ya Miale na Beseni la Mama Watoto

Admin nifichie jina, ingawa mtaani kwetu Gerezani watanijua tu. Nina miaka sabini na sita. Nimezika kaka zangu wote, nimezika na daktari aliyeniambia niache kukimbia. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, shule niliishia njiani, herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe.

Mimi ni mtu wa jogging. Kila Jumamosi klabu yetu inakimbia mpaka Feri na kurudi, na vijana wananiona kisogo. Miguu hii aliitunza mama watoto wangu. Tangu nimuoe, kila nikitoka kukimbia ananikanda kwa maji ya moto na chumvi. Beseni lake, taulo lake, hata akiwa na homa hakuruka.

Mwezi uliopita nikaingia Kariakoo, duka la kijana mmoja wa Kichaga. "Shikamoo mzee. Mwanamichezo kama wewe chukua taiti hii ya kubana, ya infraredi. Uzi wake una madini, unachukua joto la mwili wako unakurudishia kwa miale. Misuli inapona umelala." Nikanunua, nikalala nayo. Nikaamka mwepesi, au niliamua kuwa mwepesi, sijui.

Jumamosi, baada ya mbio, tukakaa kwenye supu. Vijana wakaanza: "Babu, mbona soksi imefika kiunoni?" Nikasimama, nikajipiga paja. "Huyu ndiye mkandaji wangu mpya! Hasinzii, hakohoi, hanung'uniki. Yule wa zamani nimemstaafisha!"

Walicheka mpaka supu ikamwagika. Halafu mmoja akaamkia: "Shikamoo bibi." Kugeuka, mama watoto yuko nyuma yangu na chupa ya chai ya tangawizi anayoniletea kila Jumamosi. Akaiweka mezani taratibu.

"Hongera mume wangu. Na vidole vilikuwa vinaniuma siku nyingi, nakuficha tu."

Kufika nyumbani, beseni halipo, na mwenyewe hayupo. Yuko Kigamboni kwa mdogo wake. Nikipiga simu anapokea huyo mdogo mtu: "Shemeji, dada anasema vaa nguo yako ulale." Sharti lake ni moja: niombe radhi palepale kwenye supu, mbele ya walewale waliocheka. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kumwomba radhi mtu, hata mabosi walionifukuza kazi!

Bado naivaa kila nikilala. Sisemi ni mbovu, joto linakuja. Lakini ni joto langu mwenyewe linanirudia. La mtu mwingine halimo.

Jumamosi nyingine inakuja. Nikisimama pale, jina langu limekwisha mjini. Nisiposimama, nitakufa na miguu mizuri ndani ya nyumba tupu. Wanangu, nishaurini, nifanye nini?

Na msidhani nazusha. Muulizeni muuza supu, iulizeni klabu nzima. Ila shahidi anayeijua miguu hii kuliko wote yuko ng'ambo ya Kivukoni, na simu yangu hapokei. Kama anasoma humu, na aseme mwenyewe nimedanganya wapi.