Uji Ulipopata Mfadhili

Mie si mtu wa kununa, lakini nikisikia watu wanasema "wabia wa elimu" nanuna.

Shuleni kwetu, huku Kibamba, tulikuwa na watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma kabisa. Nikaomba nibaki nao mchana, masomo yakiisha, tukae na silabi taratibu. Siku za mwanzo kengele ikilia tu, wanachomoka. Siwalaumu. Mtoto katoka nyumbani bila hata chai, saa saba mchana unamwimbisha ba, be, bi ya nini? Njaa haina adabu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kusini, mwenye mashine ya kusaga jirani na geti la shule. Hakuandika barua wala kuitisha kikao. Alinisikia nalalamika huku nasubiri unga wangu, akasema, "Mwalimu, mtume mtu kila Jumatatu aje na ndoo." Unga ukawa wake, kuni na sukari za akina mama wazazi, na kupika uji wakapeana zamu. Watoto wakaanza kubaki. Jamani, walibaki mpaka nikawa nawafukuza waende kwao.

Miongoni mwao alikuwemo binti mmoja mpole, analelewa na bibi yake anayefuata mboga soko la Mabibo alfajiri. Yule bibi aliniambia waziwazi: darasa la nne kuna mtihani wa taifa, anayefeli anarudia darasa, na mjukuu wake akirudia basi, shule imeisha, atambebesha beseni la mchicha watembeze wote. Kwa hiyo nilijua muda wangu ni mdogo. Binti akaanza kuunga silabi. Siku aliyosoma "mama anakata kitunguu" peke yake, bila msaada wangu, nilitoka nje nikalia, wala sioni haya kusema.

Ndipo ikaja kampuni kubwa kutoka mjini, inataka kushirikiana na shule kuinua ufaulu. Wakapaka kuta rangi zao, wakagawa fulana, wakaleta uji wa paketi wenye vitamini. Sharti lao lilikuwa moja: wawe peke yao, jina lao lisichanganywe na la mtu mwingine. Mwalimu mkuu akawaambia akina mama na yule mzee wapumzike, sasa tumepata wakubwa. Nikamwambia, mkuu, usiache mbachao kwa msala upitao. Akacheka, akasema mie nina maneno mengi. Siku ya uzinduzi turubai lilijaa wageni, na mzee wa mashine alisimama juani na kanzu yake ya Ijumaa. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, ule uji ulikuwa mtamu na watoto waliupenda. Ila wiki hii unakuja, wiki ijayo unaambiwa gari bovu. Binti yule akapanda darasa la nne bado anaunga silabi. Haukupita muda kampuni ikabadilisha meneja, na meneja mpya akauhamishia mpango wote shule moja ya Goba. Sie tulipigiwa simu tu.

Nikawaita akina mama. Mmoja akanijibu bila kupandisha sauti, "Madam, si mlisema tupumzike? Tumepumzika." Wenzake wakaguna kumuunga mkono, wakajifunga khanga zao wakaondoka. Nikaenda kwa mzee. Nilimpa shikamoo mara mbili kwa kelele za mashine, mpaka akaizima.

"Marahaba, mwalimu. Mie sina kinyongo na watoto," akasema. "Lakini mtu wa umri wangu anadharauliwa mara moja tu. Kesho nyie mkipata mkubwa mwingine, mtaniambia nipumzike tena."

Nilitaka kumwambia haitatokea. Ningekuwa namdanganya, na yeye angejua. Nilinunua unga kwa mshahara wangu, ukafika pale ulipofika, na watoto wakarudia mchezo wao wa kuchomoka. Yule binti ndiye aliyejitahidi kubaki. Alikuwa analaza kichwa juu ya dawati, na hata yale maneno aliyoyajua mwaka uliopita yakaanza kumpotea. Nilikuwa namtazama, na hasira yangu haikumsaidia chochote.

Mtihani wa majaribio wa darasa la nne niliusahihisha mwenyewe. Karatasi yake ilikuwa safi, haina hata sehemu iliyofutwa. Kwenye kila nafasi ya jibu alikuwa amenakili swali lenyewe, neno kwa neno, kwa herufi za kupendeza. Nikamwita pembeni, nikausifia mwandiko wake.

Uso ukamchangamka. "Kwa hiyo nimefaulu, madam?"