Oktoba za Janet Petrie

Elspeth Gourlay alipikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya kwamba ameshiba. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, tangu mumewe angali hai, na naweza kuapa kwamba hajawahi kulala nje ya mji wetu ila alipokwenda kujifungua. Mwanawe wa Kanada alimkatia tiketi mara mbili, na mara mbili akairudisha. Nilidhani ni ukaidi tu, maana ukaidi anao wa kugawa. Kumbe ni woga.

Woga huo ulikuwa na jina: Janet, bibi yake mzaa baba. Mwaka 1911 mume wa Janet, fundi mwashi, alianguka kutoka juu ya jengo akafa, na Janet akaingia Nyumba ya Maskini, makao ya serikali ya wasio na kitu, na mwanawe wa miaka sita, William. Mtoto akachukuliwa, akapelekwa kulelewa shambani kwa watu baki, kama ilivyokuwa desturi. Mama akatoka, akaenda zake, asionekane tena. William alikulia kwa wenyewe, akaoa, akawazaa Sandy na Elspeth, na jina la mama yake hakulitaka nyumbani mwake. Katika ukoo ule, mwanamke akiwa na mguu mwepesi huambiwa ana damu ya Janet. Elspeth alipokuwa msichana alitaka kwenda London kusomea uuguzi. Baba yake alimwambia neno hilo moja tu, naye akazitoa nguo sandukuni, akabaki.

William alipokuwa anakufa alimshika Elspeth mkono.

"Yule mwanamke asiandikwe kwenye jiwe langu," alisema, "mpaka aseme alikokuwa."

Elspeth akaahidi.

Majira ya baridi yaliyopita Sandy naye akafariki. Jina lake lilipaswa kuchongwa kwenye jiwe lile lile, chini ya baba, na nafasi iliyobaki ilitosha jina moja zaidi. Dougal, mchonga mawe, alitaka maneno yote kufikia Ijumaa, kwa sababu hapandi makaburini mara mbili. Elspeth angeweza kuiacha nafasi ile imsubiri yeye mwenyewe. Jumanne asubuhi akanigongea, amevaa koti la kanisani.

"Gari lako lina mafuta?"

"Linayo. Unakwenda wapi, wewe usiyekwenda popote?"

"Dundee, kwenye hifadhi ya nyaraka. Na usianze."

Sikuanza. Njiani aliniambia kwamba Sandy aliwahi kwenda kutafuta, akarudi na mstari mmoja, akausoma mbele ya watu wote siku ya Mwaka Mpya: Janet Gourlay, ametoka kwa hiari, mtoto amebaki. Watu wakaendelea kula. Elspeth akaisukuma sahani yake.

Msichana wa nyaraka, Mhairi, alitupokea vizuri. Akauliza jina, akaleta mstari ule ule wa Sandy. Kisha akauliza kwa upole, "Na kwao, mama, aliitwa nani?"

Elspeth akajishika mdomo. Kwetu mwanamke haliachi jina la baba yake kwenye karatasi za serikali, hata akiolewa mara tatu, na hata kaburini hulala nalo. Kila mtu analijua hilo. Sandy hakuwa na subira ya kulikumbuka, na Elspeth alikuwa amelelewa asimhesabu Janet kuwa mtoto wa mtu.

"Petrie," akasema, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha baba yake. "Janet Petrie."

Kwa jina hilo yakatoka majalada saba. Nyumba saba za Maskini, miaka saba mfululizo, kuanzia 1912. Mhairi akaziwekea alama kwenye ramani, na alama zikatapakaa ovyo: huku maili thelathini, kule maili hamsini, pwani, kisha milimani. Kila mara anaingia mgonjwa wa kifua, anapona, anatoka, anaibukia kwingine.

"Labda hakuwa sawa kichwani, maskini," Mhairi alisema.

Mimi, Mungu anisamehe, niliwaza hivyo hivyo. Elspeth hakuwa akiitazama ramani. Kidole chake kilikuwa kwenye tarehe, kinashuka mstari kwa mstari: mwisho wa Oktoba, mwanzo wa Novemba, mwisho wa Oktoba tena.

"Viazi," akasema.

Mhairi hakuelewa, kwani ni mtoto wa juzi. Likizo ya Oktoba kwake ni kulala. Sisi tuliofungiwa shule ili twende kuvuna tunaikumbuka kwa migongo yetu. Elspeth aliokota viazi mpaka miaka kumi na minne, vidole vimekufa ganzi. Majuma hayo watoto wote wa bonde, wenyeji na wa kulelewa, huwa wamejipanga shambani, wazi, mbele ya macho ya kila mtu.

"Hakuambiwa mtoto yuko wapi," Elspeth alisema. "Angegonga mlango mmoja mmoja, wangemfukuzia mbwa. Kwa hiyo akaenda kuokota viazi. Kila mwaka bonde jingine. Halafu mvua, halafu kifua."

Mhairi akainuka, akaleta vitabu vinene ambamo karani aliandika maelezo ya kila aombaye msaada. Mwaka 1914: ana mwana, William, miaka tisa, ameomba aambiwe alipo, hakuambiwa, si utaratibu. Na Novemba 1918, maelezo ya mwisho: amevuna mashamba manne, anasema limebaki bonde moja. Siku tano baadaye akafa.

Bonde lililobaki Elspeth alilijua. Baba yake alikulia huko.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliujua siku ile kwa kumtazama mjukuu wa miaka sabini na tisa akilia na kucheka kwa pamoja, hadi Mhairi akasogeza vitabu visilowe. Nililia nami. Lilikuwa jambo la kusikitisha, na bado tulitoka pale wepesi, tukala samaki na chipsi garini kama wasichana waliotoroka shule.

"Kanada ni mwendo wa saa ngapi kwa ndege?" akaniuliza.

"Saba. Na chakula chao hakiliki."

"Nitabeba changu."

Ijumaa alimpa Dougal karatasi. Mwezi Mei tukapanda makaburini kutazama. Chini ya Sandy palichongwa: Janet Petrie, mama yake William. Elspeth akalifuta vumbi kwa kitambaa cha jikoni, kisha akaliinamia jiwe, kama mtu anayesema na mzee mzito wa masikio.

"Baba," alisema, "amesema alikokuwa. Alikuwa anakuja."