Kibao Kinapelekwa kwa Jirani

Enzi za Waingereza shule yetu ya Singida mjini ilikuwa na kamati ya wazee, wanaume watupu. Walikagua paa na nguzo. Mtoto anajua nini, hawakuuliza.

Aliyeuliza ni mume wangu. Binti yetu alikuwa mwaka wa pili shuleni na mbuzi hawakuwa na mchungaji. Akasema, "Mavuno yakifika kama bado hajui kitu, anarudi kwenye mbuzi." Mimi kusoma sijui, nitampimaje?

Nikamnong'oneza binti sikioni: "Andika, mbuzi mweusi amezaa pacha." Akaandika kwenye kibao chake. Nikakibeba mwenyewe mpaka kwa jirani, kwa mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyesoma misheni, ambaye hakusikia nilichosema.

Akasoma: "Baba analima shamba."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hayumo, mama. Haya ni maneno ya kitabuni."

Mimi na mama wenzangu tukawajaribu watoto wa mtaa mzima. Kila nyumba, baba analima shamba. Wangelima hivyo kweli, ghala zingepasuka.

Kumbe walikuwa wakikariri tu. Tukaenda shuleni wanawake sita. Mwalimu, kijana msafi wa kaptura iliyonyooshwa, akatuamkia vizuri, kisha akasema, "Mama zangu, shule inakaguliwa na wazee."

Nikamwambia, "Hao wanakagua paa. Sisi tunakagua kilicho chini yake."

"Kitabu ni kimoja, mama, watoto wengi."

"Basi kifunge. Waandikishe mtama, kisima, kuku. Hivyo hata sisi tunavyo."

Alinuna, lakini alikifunga. Kila Jumamosi tukawa tunapeleka vibao kwa yule mkwe. Wiki za kwanza ilikuwa aibu tupu: kuku hana kichwa, kisima nusu. Baadaye maneno yakaanza kufika mazima. Mwalimu naye akaanza kuja kusikiliza, eti anapita tu. Tukampa kiti.

Mavuno yakafika. Mume wangu akasema, "Leo nanong'ona mimi. Nyie wanawake mnapangana." Akamwinamia binti, akanong'ona, akacheka peke yake. Kisha akakipeleka kibao mwenyewe, sisi wote nyuma yake.

Yule mkwe akakitazama, akaziba mdomo kwa kanga.

"Soma," mume wangu akasema.

"Naona haya, baba."

"Soma, nimesema!"

"'Mama yako anagombana hata na kuku.'"

Watu walicheka mpaka mwalimu akashuka kitini. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mume wangu. Alikichukua kibao, akakisogeza karibu na macho kana kwamba naye anasoma.

"Ndiyo maneno yangu," akasema. "Hakuna hata moja lililopotea njiani."

Nikamwambia hayo mengine tutayazungumza nyumbani, na tuliyazungumza. Asubuhi binti alikwenda shule. Baba yake alishika fimbo akawafuata mbuzi, na mpaka tulipompata mchungaji hakusema tena mtoto aache shule.